Mtani Halii

Nyumba ya Kugusa ina amri moja tu, nayo imeandikwa mlangoni kwa herufi zinazompita mtu kimo: GUSA. Mgeni akitoka bila kugusa kitu, mwenyeji wa ukumbi ule anakatwa alama. Ghorofa ya chini watu wanagusa radi iliyofungwa ndani ya kioo, wanakalia kiti kinachotetemeka kama ardhi ya Rungwe, wanapapasa ubavu wa mjusi wa Tendaguru mpaka umeng'aa. Nusu ya watoto wa Dar es Salaam wamewahi kuacha alama za vidole vyao mle.

Mimi nilikuwa mwenyeji wa Ukumbi wa Moyo, ghorofa ya pili, na kitu changu kilikuwa ngoma.

Unaweka viganja viwili juu yake. Usidhani ile ni ngozi ya ng'ombe. Ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinazonyonya umeme wa mwili kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Kisha ngoma inajipiga yenyewe, kwa mdundo wa moyo wako, na ukumbi mzima unausikia. Watoto hupiga kelele kwa furaha. Watu wazima hucheka kidogo, halafu huondoa mikono haraka kuliko walivyoiweka.

Mimi sikuwahi kuigusa. Nilikuwa namwita mtoto yeyote aliye karibu aonyeshe wengine, nikasifiwa kwamba nawapenda watoto. Waache waseme. Mimi ni mwoga, na mjini kwetu mwoga hakosi sababu.

Asubuhi ya Jumamosi ile alikuja mama mmoja mrefu, kavaa raba nyeupe na gauni alilolishona mwenyewe, maana mifuko ilikuwa imekaa mahali ambapo kiwanda hakiwezi kukumbuka kuiweka. Alimshika mkono binti wa miaka kama tisa.

"Jina?" nikamuuliza. Kishikwambi changu hakifungui ngoma bila jina.

"Otavina Kihwele. Na huyu ni Foibe, mwanangu."

"Kihwele wa wapi?"

"Iringa. Kwani kuna wa wapi tena?"

Roho yangu iliruka kwa furaha: nimepata mtani. Tangu Jumatatu nilikuwa nimepokea wageni wastaarabu watupu, na ustaarabu unachosha.

"Mimi ni Wendelina Ngonyani, wa Songea," nikamwambia. "Sasa, Mhehe, kabla hujaingia humu, mbwa umemfunga wapi? Maana mchana huu nikisikia harufu ya mchuzi, naita polisi."

Foibe alitoa macho. Mama yake akatua mkoba sakafuni polepole, kama mtu anayejiandaa kwa kazi anayoipenda.

"Ningejua wamemweka Mngoni hapa ningekuja na mtego wa panya, nikushike mapema," akasema. "Mwanangu, shika mfuko wako. Hawa walimkimbia babu yako mpaka wakasahau sufuria mekoni. Tunazo mpaka leo."

Kitufe kilichobanwa kwenye ukosi wangu kikalia *tik*. Kwenye kishikwambi likatokea neno moja: UTANI.

Kitufe kile tunakiita kinasa. Kila mwenyeji anacho, na kinasikiliza kila neno, hata la kunong'ona. Mwaka wa kwanza kilimsikia Mnyamwezi mmoja akimwambia Mzaramo, "Leo nakuzika na viatu vyako," walinzi wakaja mbio na pingu, na watu wawili waliokuwa wakifurahiana wakalazwa kifudifudi mbele ya watoto. Jiji zima lilikasirika. Tangu hapo mafundi wakakifundisha nani ni mtani wa nani, na nini kinaruhusiwa. Watani wanaruhusiwa kila kitu. Kinasa kikisikia majina mawili yanayotaniana, kinaandika lile neno moja na kupuuza yanayofuata.

"Nakujua wewe," Otavina akaendelea. "Nikifa, utakuwa wa kwanza kufika msibani. Utavaa gauni langu hili, utembee kama mimi mbele ya waombolezaji."

"Na nitalala kaburini mwako mpaka wanipe kuku ndipo nitoke."

"Na chozi hutoi."

"Mtani analia? Umeona wapi?"

Akacheka mpaka akajishika kifua. Mimi pia nilicheka, lakini nilimkumbuka baba. Siku ya mazishi yake Wahehe wawili walivaa koti lake na kofia yake, wakamwiga alivyokuwa akipiga chafya, na mama yangu, ambaye hakuwa amefumbua mdomo tangu usiku, akacheka. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Wenye msiba wanalia, yeye anawashikilia wasizame. Mtani halii. Siku ukimwona mtani analia, ujue mambo yameharibika kabisa.

*

Foibe alianza. Ngoma ilipiga mbiombio, naye akaruka bila kuondoa mikono.

"Mbona wewe hugusi?" Otavina akaniuliza. "Nyumba ya Kugusa, mwenyeji hagusi. Wangoni bwana."

"Mikono yangu ni ghali. Weka yako."

Akaweka. *Du-du. Du-du. Du-du.* Kisha kimya. Kimya kile kilikuwa kirefu, mtu anaweza kumeza mate na kupata nafasi ya kushangaa. Halafu *du*, moja, nzito, na ngoma ikafukuzia mapigo iliyoyakosa.

"Linasita hilo dude lenu," akasema akicheka. "Limechoka kama mwenyewe."

"Mama," Foibe akasema, "si ndiyo maana juzi ulianguka jikoni?"

"Nilijikwaa, wewe. Nani kakutuma?"

Mimi nilikuwa nimeinamia kishikwambi. Ukingo wake wote ulikuwa umegeuka mwekundu.

Lazima nieleze, maana watu wengi hawajui. Sisi tulitaka ngoma tu. Lakini nyuzi zile zilinunuliwa pamoja na akili yake, na akili yake ilitengenezwa kwa ajili ya hospitali. Hakuna fundi aliyeweza kuitoa bila kuiua ngoma. Kwa hiyo mgeni anasikia mdundo, na mwenyeji anaona rangi. Kijani ni wengi. Njano wapo. Nyekundu nilikuwa sijawahi kuiona. Chini yake paliandikwa: *Umeme wa moyo unakatika. Moyo unaweza kusimama wakati wowote. Unatibika.*

Unatibika! Neno hilo ndilo lililonitia uchungu. Kama lisingekuwepo ningenyamaza, ningemwacha afurahi na mwanawe siku zake zilizobaki.

Tatizo ni Sheria ya Kuambiwa. Waliotunga walikuwa na nia njema: walitaka watu wajipeleke hospitali mapema bila kungoja kuambiwa na mashine za madukani. Kwa hiyo aliyejipeleka mwenyewe anatibiwa na bima, senti yake haitoki. Lakini aliyeambiwa kwanza na chombo chenye leseni, au na mtu anayefanya kazi penye chombo hicho, huyo ni Aliyeambiwa. Jina lake linaruka papo hapo kwenye mitambo ya bima. Bima haimgusi tena kwa ugonjwa ule, na hakuna kiwanda kitakachomwajiri, kwa sababu bosi naye analiona jina. Nawajua Walioambiwa. Wanauza maji ya chupa kwenye foleni, wanasubiri.

Ndiyo maana watu wa mjini waliigeuza methali. Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Sisi tunasema usilolijua halikuandiki.

Na Nyumba yetu ina leseni. Amri tuliyopewa ni kunyamaza. Mgeni akivuka lango la kutokea, rangi yake inafutwa na hakuna aliyeona kitu.

"Unafanya kazi wapi, Mhehe?" nikauliza. Sauti yangu ilitoka sawa, namshukuru Mungu.

"Kiwandani, nashona sare. Mimi na Foibe, wawili tu. Unataka kuniposa?"

*

Sauti ikanijia sikioni, kwenye kile kidude cha wafanyakazi. Alikuwa Bwana Shekiondo, msimamizi wetu. Ukingo ukigeuka mwekundu, na kwake ghorofa ya tatu unageuka.

"Dada Wendelina, nimeiona," akasema. "Usiseme kitu. Nashuka kumwambia mwenyewe."

Sikuweza kumbishia, kinasa kilikuwa kinanisikiliza, na neno langu moja la kubishana lingetosha kuwa ndilo lililomwambia.

"Ndiyo, bwana," nikasema.

"Najua amri ni kunyamaza. Siwezi. Mtu ana haki ya kujua kinachomuua. Mzuie asiondoke."

Sikumchukia, nataka lieleweke hilo. Mdogo wake alianguka akicheza mpira, na baadaye ikajulikana kwamba mashine ya duka la dawa ilishaona, ikanyamaza kwa kuogopa sheria. Shekiondo alimzika mdogo wake na hakuwahi kupona. Mtu kama huyo akisema mtu ana haki ya kujua, huwezi kumwambia ni mwongo. Lakini akifungua mdomo wake rasmi, Otavina angekuwa Aliyeambiwa mbele ya mwanawe, ajue kinachomuua na asiwe na pa kwenda nacho. Nikinyamaza mimi, angevuka lango akicheka. Njia zote mbili zilikuwa zinaishia kwenye shimo moja.

Kuandika nisingeweza, kamera zinasoma hata kidole kinachochora hewani. Kumwita pembeni nisingeweza. Nilibaki na mlango mmoja, ule ambao kinasa kilifundishwa kuupuuza.

"Mhehe," nikaanza, "ule mdundo wako nimeupenda. Ni mdundo wa mtu anayekufa."

*Tik.* UTANI.

"Nakufa kwa njaa," akajibu. "Mngekuwa na panya wa kukaanga hapa, wewe ungeshiba, lakini mimi je?"

"Sikutanii. Nenda makaburini leo ukachague mahali."

*Tik.*

"Nitachagua karibu na lako, nikupigie kelele."

Nikamsogelea. "Ningekuwa wewe, nisingepitia nyumbani. Ningetoka hapa moja kwa moja mpaka hospitali, niwaambie, jamani, mimi ni Mhehe, nifungueni kifua mtoe mbwa."

*Tik.*

Alicheka! Alicheka mpaka akamwegemea Foibe, na mtoto naye akacheka, na wageni wengine ukumbini wakageuka wakitabasamu. "Huyu mama ananifaa," akasema akifuta macho. "Foibe, ukisikia Wangoni wabaya, jua ndio hawa."

Hapo nikaelewa ujinga wangu. Utani ulikuwa umekifunga kinasa masikio, na Otavina pia. Kadiri nilivyosema kweli ndivyo alivyozidi kucheka, kwa sababu mtani mzuri ni yule anayekwenda mbali zaidi. Ningeweza kumsomea kishikwambi neno kwa neno, angenipigia makofi.

Nikasikia viatu vya Shekiondo kwenye ngazi. Ana mguu mmoja mzito, humkosei.

"Mama, twende kwenye radi," Foibe akasema.

"Twende. Haya, Mngoni, tutaonana kuzimu."

Nilifungua mdomo nimjibu. Jibu nilikuwa nalo, lilikuwa zuri. Lakini halikutoka. Nilikuwa namwangalia mtoto anavyomfunga mama yake kamba ya raba, maana ilikuwa imefunguka naye hakuiona. Nikalia. Sikupanga. Ningependa kusema nilipanga, ningeonekana mwenye akili. Machozi yalinimwagika tu, kwenye mashavu, kwenye ukosi, juu ya kinasa chenyewe, na sikuinua mkono kuyafuta.

Otavina alikuwa bado na kicheko mdomoni. "Ala," akasema. "Mngoni, umeishiwa? Umeshindwa?"

Nilimtazama machoni nikalia.

Kicheko kikamtoka usoni taratibu. Alitazama machozi yangu. Alitazama ngoma. Kisha mkono wake ukapanda wenyewe mpaka kifuani, ukakaa pale.

"Mtani..." akasema, na hakumaliza.

Kinasa hakikulia. Hakikuwa na neno la kuandika.

*

"Mama Kihwele?" Shekiondo alifika akihema. Alikuwa amevaa uso wa mtu anayekwenda kutoa taarifa ya msiba. "Naitwa Shekiondo, msimamizi wa hapa. Naomba dakika moja. Kuna jambo ambalo una haki ya—"

"Kaka, samahani kukukatiza," Otavina akasema. Alisema kwa sauti kubwa, akiwa ameinamisha kichwa kidogo kuelekea ukosi wangu, kama mtu anayemsemesha bibi kiziwi. "Nina haraka. Mimi Otavina Kihwele najipeleka hospitali sasa hivi, kupimwa moyo. Nimeamua mwenyewe. Juzi nilianguka jikoni, mwanangu ni shahidi."

"Ni kweli," Foibe akasema. "Alianguka na sufuria."

*Tik.* Nikatazama kishikwambi. AMEJIPELEKA.

Shekiondo alisimama mdomo wazi. Alimtazama yeye, akanitazama mimi na mashavu yangu. Alikuwa na uwezo wa kumaliza sentensi yake. Alikuwa pia na uwezo wa kuniuliza swali moja ambalo lingeturudisha sote nyuma, na akaniuliza.

"Dada Wendelina. Kwa nini unalia?"

Kila mtu alingoja, na kinasa kilingoja pia.

"Mhehe amenichekesha mno," nikasema.

*Tik.* UTANI.

Nadhani Shekiondo alikuwa uwanjani, kwenye nyasi, na mdogo wake.

"Basi nenda ukanawe uso," akasema hatimaye. "Unawaogopesha wageni." Na kwa Otavina akasema, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake: "Teksi zipo langoni, mama. Waambie wawahi."

Otavina aliokota mkoba wake. Kabla hajageuka akanyoosha mkono, akaninyofoa kitambaa cha kichwani, kile cha sare, chekundu, akakitia kwenye mfuko wa gauni lake. Mtani haombi ruhusa.

"Nikirudi nitakurudishia," akasema. "Nisiporudi, umekula hasara. Kwa hiyo kazi ni kwako, uombe."

*

Miezi iliyofuata nilikaa kichwa wazi. Sare inataka kitambaa, na stoo vilikuwepo vingi, lakini nilikataa. Shekiondo alinikata alama mara moja, kwa ajili ya kuonekana, kisha akawa ananipita bila kunitazama kichwani. Sikuwa na namba ya simu ya Otavina. Kumtafuta kungekuwa kumfuatilia, na kumfuatilia mgeni ni ushahidi kwamba ulimwambia. Nilichoweza kufanya ni kutazama mlango.

Siku moja mchana nikakiona kitambaa changu. Kilikuwa kichwani mwa Foibe, naye alikuwa anapanda ngazi peke yake.

Nikatazama nyuma ya mtoto. Hapakuwa na mtu. Alikuja mpaka mbele yangu, akakunja uso kwa makini kama aliyefundishwa maneno njiani.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mama yuko wapi?"

"Mama amesema Mngoni alipe kuku kwanza, ndipo aambiwe."

Kicheko kikalipuka chini ya ngazi. Alipanda akipumzika kila baada ya hatua chache, amekonda, kovu linachungulia kwenye shingo ya gauni jipya, na mifuko bado imekaa anapotaka yeye. Nilimtukana matusi yote ninayoyajua ya Kingoni. Kinasa kilikuwa kinalia *tik, tik, tik* mpaka mtoto akaziba masikio.

Tulipomaliza, alinitazama kwa muda, na uso wake ukatulia.

"Sasa zamu yako."

"Zamu gani?"

"Mikono ghali. Leta."

"Mhehe, niache. Nina wageni."

"Siku ile uliniuliza nafanya kazi wapi, nikakujibu. Mimi nilikuuliza kwa nini hugusi, hukunijibu." Akanikamata viganja vyote viwili akicheka. Ana mikono ya mshonaji, huchomoki. "Usiogope. Mimi sifanyi kazi hapa. Sina leseni, sina kinasa. Nikiona kitu, mimi ni mtani tu, na mtani hasemi la maana."

Akachukua kishikwambi kutoka kwapani mwangu, akakigeuzia upande wake. Kisha akaibandika mikono yangu juu ya ngoma na kuikandamiza na wake mmoja. Nyuzi zilikuwa na joto. Miaka yote ile sikuwa najua kwamba zina joto.

Ngoma ikaanza kupiga, na ukumbi mzima ukanisikia. Sikusikiliza kama inasita. Nilimkazia macho Mhehe usoni.

Alikuwa bado anacheka.